Kwa nini nyuzi 32 za Tanga zinaelemea mwili na transfoma

Februari ikiingia, magrupu ya WhatsApp ya mitaa ya Tanga huanza mzozo uleule wa kila mwaka. Mmoja anatuma picha ya kioo cha simu yake: "Tanga 41". Mwingine anamjibu kuwa Mamlaka ya Hali ya Hewa imetangaza 32, acheni kutishana. Wa tatu yuko gizani Makorora, chaji imebaki asilimia tisa, naye anauliza lile ambalo wengi wanalo rohoni: "Sasa Bwawa la Nyerere lina faida gani?"

Nani mkweli kati ya 41 na 32? Na kwa nini umeme usumbue majira ya joto hasa, wakati tunaambiwa nchi ina umeme wa kutosha? Watu huyajibu maswali haya kila moja kivyake, kumbe yana baba mmoja: mvuke wa maji ulio hewani, ambao kipimajoto cha ukutani hakiuoni.

Anayetaka kuuona aingie mgahawa wowote Ngamiani asubuhi, achukue kichupa cha chumvi na kukitikisa. Haitoki. Imegandamana, na mwenye mgahawa amekwishatia punje za mchele ndani ili zinyonye maji, na bado haitoki. Chumvi ya mezani huanza kuvuta maji kutoka hewani na kulowa pale unyevu wa hewa unapofika kama asilimia 75. Kwa hiyo kile kichupa ni kipimo cha unyevu kisichohitaji betri. Kipeleke Dodoma mwezi wa Septemba, chumvi itamwagika kama mchanga.

Asilimia hiyo maana yake nini? Ichukulie hewa kama Hiace. Viti ni nafasi za mvuke, abiria ni mvuke wenyewe. Unyevu wa asilimia 70 maana yake viti saba kati ya kumi vimekaliwa. Ila gari hili lina maajabu yake: joto likipanda, viti vinaongezeka. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17 hivi za mvuke. Kwa nyuzi 30 inabeba gramu 30. Ndiyo maana mtu wa Lushoto anaweza kuwa na asilimia 70 na akavaa sweta, wakati asilimia 70 ya Tanga mjini inamvua mtu shati. Asilimia ni moja, abiria wa huku ni wengi zaidi.

Sasa tuje kwenye mwili. Wengi tunadhani jasho likitoka ndipo tunapoa. Hapana, tunapoa jasho linapokauka. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi inaondoka na joto la karibu theluthi mbili za uniti moja ya umeme, ile ile ya LUKU. Ni mtambo mzuri sana wa kupozea, na hauna bili. Lakini jasho linahitaji kiti kwenye Hiace. Viti vikijaa, linabaki mwilini, linatiririka mgongoni na kudondoka chini. Tone lililodondoka halijafanya kazi yoyote. Umepoteza maji na chumvi bure.

Wataalamu wana njia ya kupima jambo hili. Wanakivisha kipimajoto kitambaa kibichi, wanakipepea, kisha wanasoma. Hiyo ndiyo baridi ya chini kabisa ambayo kitu chenye maji kinaweza kufikia kwa kukauka. Hewa ya nyuzi 33 yenye unyevu wa asilimia 30, kitambaa kibichi kinashuka hadi kama nyuzi 21. Hewa ya nyuzi 33 hizo hizo yenye asilimia 70, kinaishia 28. Tofauti ya nyuzi saba, na kipimajoto cha kawaida kimesoma namba moja pande zote mbili. Kwa muda mrefu ilielezwa kuwa kipimo cha kitambaa kibichi kikifika 35 mwili hauwezi tena kujipoza hata kivulini. Majaribio ya miaka ya karibuni kwa vijana wenye afya yameonyesha mwili unaanza kushindwa mapema zaidi, karibu na 31.

Basi ugomvi wa grupu umekwisha. 32 ni joto la hewa, limepimwa. 41 ni joto linalohisiwa, yaani hesabu inayochanganya joto na unyevu kukadiria mwili unaonjeshwa nini. Nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70 zinatoa takriban 41. Hakuna kipimajoto kilichosoma 41 Tanga siku hiyo, na hakuna aliyedanganya.

Kuna babu kwenye baraza letu ambaye ukimwamkia tu, "Shikamoo babu," anaitikia marahaba na kukusogezea kikombe: "Keti mwanangu, kahawa inapoza." Nimewahi kumcheka, baadaye nikajirudi. Kinywaji cha moto kinauamsha mwili utoe jasho zaidi, na jasho hilo likikauka lote unaweza kubaki umepoa kuliko kabla hujanywa. Kwa hiyo babu angekuwa sahihi kabisa angekuwa Dodoma. Kwa Ngamiani ya Machi, nampa nusu.

Nimeitaja Machi kwa sababu. Desemba hadi Machi ni majira ya kaskazi, na mwanzoni mwa Machi jua linapita juu ya utosi wetu hasa. Kisha kaskazi inachoka kabla kusi haijashika, kipindi ambacho wavuvi wanakiita tanga mbili, upepo hauna mwenyewe. Hapo ndipo fukuto linapokuwa fukuto. Na hewa yenye mvuke mwingi haiachii joto usiku kama hewa kavu. Saa tisa usiku bado ni nyuzi 25, shuka linanata. Uchukue huo usiku wa joto, tutauhitaji mbele.

Ndoo chini ya bomba

Shemeji yangu wa Raskazone ana kiyoyozi cha BTU 9,000, vile vidogo kabisa madukani. Usiku mmoja tuliweka ndoo chini ya lile bomba jembamba linalodondosha maji nje. Tuliwasha saa tatu usiku, tukazima saa kumi na moja alfajiri. Asubuhi tulikuta lita saba na kidogo, maji masafi. Dada yangu akapigia deki sebule.

Maji yale yalikuwa mvuke wa chumbani. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinachota joto ndani na kulimwaga nje, kama mtu anayechota maji ya mafuriko kwa ndoo na kuyamwaga barabarani. Kila lita iliyodondoka ilibidi iporwe theluthi mbili za uniti za joto ndipo igeuke kutoka mvuke kuwa maji. Kwa kuwa kiyoyozi cha kawaida kinahamisha kama uniti tatu za joto kwa kila uniti moja ya umeme, lita saba ziligharimu uniti moja na nusu. Usiku mzima kilikula kama sita. Yaani robo ya umeme ule haikupoza chumba hata nyuzi moja. Ilikamua hewa tu. Chumba kama hicho kwenye nchi kavu yenye joto sawasawa na letu kingelala kwa bei nafuu.

Linganisha na pangaboi. Hilo linakula wati 70 hivi, kwa hiyo kiyoyozi cha kilowati moja kinapokuwa kinanguruma kinakula sawa na mapangaboi 14. Ila pangaboi halipozi chumba. Linasukuma Hiace iliyojaa ipite na kuleta nyingine yenye viti viwili vitatu, basi. Kuliacha linazunguka kwenye chumba kisicho na mtu ni kuchoma uniti, tena mota yake inaongeza joto kidogo. Likianza kuzunguka kivivu wakati umeme ni mzuri, mara nyingi ni kapasita imechoka, kitu cha bei ndogo. Mwite fundi kabla hujaenda kununua jipya.

Na wale wanaoweka kiyoyozi 16 ili "kipoze haraka": cha kawaida kinafanya kazi kwa nguvu ileile ukiweka 16 au 25. Namba inakiambia kisimame lini tu. Ukikiambia 16 katika chumba kinachovuja hewa, hakisimami mpaka asubuhi. Kwa mwenye meta ya kundi la bei nafuu, lile la uniti 75 kwa mwezi, uniti sita kwa usiku zinamaliza kiwango hicho ndani ya wiki mbili, kabla hajapika wala kupiga pasi.

Machungwa ya Muheza na Bwawa la Nyerere

Bwawa la Julius Nyerere, kule Rufiji, lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Hapa kwetu mkoani, Mto Pangani una Hale, kituo kilichojengwa kwa megawati 21, na Maporomoko ya Pangani yenye 68. Kwa hesabu ya mitambo, Hale ni kijiko mbele ya sufuria. Kwa hiyo ni haki kabisa mtu kuuliza: umeme wote huo unaenda wapi?

Nenda Muheza msimu wa machungwa. Yamelundikwa barabarani, mengine yanaoza chini ya miti. Siku hiyohiyo unaweza kufika mtaa wa Tanga mjini ukaambiwa machungwa hakuna, gari halijaja. Mkulima hakukosa machungwa. Kilichokosekana ni Fuso, au Fuso lipo lakini mkokoteni wa kuingia mtaani ni mmoja na umezidiwa. Umeme una safari tatu vilevile: kuzalisha, kusafirisha kwa laini kubwa, na kusambaza mitaani. Kuanzia Rufiji umeme unatoka kwa kilovoti 400 hadi Chalinze. Laini ya miaka mingi inayotoka Chalinze kuja Hale na Tanga ni ya kilovoti 132. Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan aliposema akiwa Kilimanjaro kwamba mikoa ya kaskazini itapata pia umeme kutoka Ethiopia kupitia Kenya, watu walishtuka, lakini sababu iliyotolewa ilikuwa upotevu wa umeme katika safari ndefu. Mtu anaweza kuupinga uamuzi ule kwa hoja nyingine, lakini kusema "tuna umeme mwingi, kwa nini tununue" ni sawa na kumwambia mtu wa Chumbageni asinunue chungwa la jirani kwa kuwa Muheza yapo.

Waya ukipitisha mkondo unapata moto. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linalopotea njiani linaongezeka mara nne. Na waya wenyewe ukishapata joto unakuwa mgumu zaidi kupitisha. Kwa hiyo laini inayobeba kwa raha mwezi wa Julai inabeba kwa kuhema mwezi wa Februari, saa moja jioni, mji mzima ukiwa umerudi nyumbani. Miaka hii Ramadhani nayo imeangukia Februari na Machi: kuanzia alasiri kila friji limejazwa chupa za maji ya vuguvugu zigande kabla ya adhana ya magharibi, na kompresa zote za mtaa hazipumziki.

Lakini mara nyingi taa zinapozima, shida haiko Rufiji wala Chalinze. Iko kwenye transfoma ya mtaani kwako, lile sanduku la chuma juu ya nguzo, lenye mapezi ubavuni. Ndani yake kuna mafuta, na ndani ya mafuta kuna nyaya zilizozungushiwa karatasi ya kuhami. Mafuta yanalibeba joto hadi kwenye mapezi, hewa inalichukua. Wahandisi wana kanuni kwamba kila nyuzi sita hadi nane zinazozidi kiwango, umri wa karatasi ile unakatika nusu. Transfoma ni kama mpishi wa shughuli: mchana achemke, usiku alale. Wakati wa kusi usiku unampumzisha. Februari usiku wenyewe ni nyuzi 25, ule niliokuomba uuchukue, na mtaa umewasha viyoyozi.

Fanya hesabu ya mfano. Transfoma inaweza kubeba kama kilowati 100, nyumba ziko 120. Aliyepanga alikadiria kila nyumba itakula nusu kilowati jioni: jumla 60, nafasi tele. Miaka inapita, nyumba 40 zinafunga kiyoyozi kimoja kimoja. Sasa ni 100 kamili, bila mtu yeyote kuiba umeme. Harusi moja ikikodi friza mbili na spika kubwa, fyuzi inakatika.

Kabla ya kukatika huja ule tunaouita umeme mdogo. Umeme wetu wa nyumbani unatakiwa kuwa volti 230. Nyumba ya mwisho wa laini inaweza kubakiwa na 180. Pasi ya wati 1,000 kwa volti hizo inatoa kama 610 tu, ndiyo maana unapiga pasi shati moja nusu saa. Pasi haidhuriki. Anayedhurika ni friji: kompresa inajaribu kuzunguka, inashindwa, inaunguruma na kuvuta mkondo mkubwa mpaka inaungua. Fundi mmoja wa mafriji aliwahi kuniambia, "Kaka, Februari na Machi ndiyo mavuno yangu." Friji gadi, kile kifaa kinachokata umeme ukishuka na kusubiri dakika chache kabla ya kurudisha, ni bei ndogo ukilinganisha na kompresa mpya.

Stabilaiza ni habari nyingine, na hapa watu hawapendi kusikia. Haizalishi umeme. Ikipokea 180 na kukupa 230, inafidia kwa kuvuta mkondo mkubwa zaidi kwenye waya uleule unaohema, na jirani aliye mbele yako anashuka kidogo. Akinunua naye, mnavutana. Sisemi usinunue, nami ninayo. Ila usishangae mtaa wenye stabilaiza nyingi ukawa na umeme mdogo kuliko zamani.

Mtu wa pwani ana lalamiko moja ambalo mtu wa bara halielewi: "Mvua ikidondoka tone tu, umeme huo, umekwenda." Linaonekana kama uzushi. Ni kweli tupu. Upepo wa kaskazi unatoka baharini na chumvi, inatulia kwenye vikombe vya kauri vinavyoshikilia nyaya juu ya nguzo, mwezi baada ya mwezi bila mvua ya kuviosha. Chumvi kavu haipitishi umeme. Kumbuka kichupa cha mgahawani: ikilowa, inapitisha. Alfajiri yenye umande, simama karibu na nguzo za maeneo ya ufukweni utasikia tss, tss, wakati mwingine utaona cheche za buluu. Mvua kubwa ingeviosha vikombe ikaondoka. Manyunyu ndiyo mabaya, yanailowesha chumvi bila kuiosha, umeme unapata njia ya kukimbilia kwenye nguzo, na vifaa vya ulinzi vinaikata laini nzima.

Nyumba yenyewe

Nyumba za Kiswahili za Ngamiani zina ukumbi unaopenya kutoka mlango wa mbele hadi uani. Milango yote miwili ikiwa wazi, upepo wowote ulioko unapita katikati, na wenyewe wanakaa barazani kungoja nyumba ipoe. Leo tunajenga nyumba za vyumba vilivyojifunga, na madirisha ya aluminiamu ya kuteleza. Dirisha la kuteleza, upende usipende, linafunguka nusu tu. Nusu nyingine inabaki kioo kimebebana na kioo. Yale ya vioo vya mlazo yalifunguka karibu yote. Tumelipia urembo kwa upepo, kisha tunaununua upepo huo kwa LUKU. Anayejenga sasa, hata akitaka kiyoyozi, aweke madirisha pande mbili za chumba, na aache matundu chini ya paa ili joto la bati lisilundikane juu ya dari.

Nafuu nyingine ni ya kawaida. Feni inasaidia hapa kwetu, maana hewa ya nyuzi 32 bado ni baridi kuliko ngozi. Kanga iliyolowekwa na kukamuliwa, feni ikiielekea, ni kiyoyozi cha bibi zetu. Usiku wa unyevu mkali inapoza kidogo kuliko bara, lakini inapoza. Kwa mzee, mtoto mchanga au mtu aliyeshinda juani, akianza kuongea vitu visivyoeleweka au kupepesuka na mwili unawaka, hilo limepita hatua ya maji ya kunywa: mmwagie maji mwilini, mpepee, apelekwe hospitali wakati huohuo.

Limebaki fumbo la umeme unaorudi na kukatika baada ya dakika mbili, ambalo mitaani linafasiriwa kuwa mtu anatuchezea swichi. Umeme ukikatika kwa muda wa saa mbili, kila friji limepata joto na kila chumba kimepata joto. Siku za kawaida kompresa zinapokezana: hili linawaka, lile limepumzika. Umeme ukirudi zote zinawaka kwa pamoja, na kompresa inapoanza inavuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kuendelea. Mtaa uliokuwa unakula kilowati 90 unadai 200 kwa mpigo. Ulinzi unakata.

Siku hizi ukikatika ninachomoa friji na kuzima kila kitu isipokuwa taa moja ya sebuleni. Juzi ulirudi saa nne kasoro usiku. Watoto wa mtaa mzima wakapiga kelele, "Umerudiii!" Jirani yangu akaniita kupitia dirishani, "Washa friji, we! Samaki wataoza!" Nikamwambia, "Dada, ngoja kwanza." Dakika ya tatu giza likarudi, na kutoka upande wake nikasikia kompresa ikiguna mara moja na kunyamaza.